Ukiona Vyaelea: Historia ya Uigaji wa Miungano ya Galaksi na Swali la Maumbo Yake

1.0 Utangulizi

Wahenga wa pwani walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii imetoka kwa mafundi wa vyombo vya bahari, na maana yake ya msingi ni kwamba umbo la chombo kinachoonekana majini ni ushahidi wa kazi ambayo mtazamaji hakuishuhudia. Hata hivyo, methali inaishia hapo. Inamwambia mtazamaji kwamba chombo kiliundwa. Haimwambii kiliundwa kwa hatua zipi, wala kama vyombo viwili vinavyofanana vilitoka kwa fundi mmoja. Kutoka kwenye umbo hadi kwenye historia ya umbo ni safari nyingine, na safari hiyo ina mitego yake.

Mhadhara huu unafuatilia safari moja ya namna hiyo, nayo ni jitihada za wanafalaki, tangu mwaka 1941 hadi leo, za kueleza maumbo ya galaksi kwa kuiga jinsi galaksi zinavyokutana na kuungana. Huenda mada ikaonekana kuwa mbali na taaluma za Kiswahili. Lakini swali linaloiongoza ni lile lile linalomkabili mwanaisimu historia: je, mtu anayeliona umbo la leo anaweza kusema kwa uhakika lilitokana na nini? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuiga umbo si kuthibitisha historia yake. Katika zaidi ya miaka 80 ya kazi hii, hatua za uhakika zilipigwa hasa pale kielelezo kilipodaiwa kitoe ushahidi wa pili, yaani jambo ambalo hakikuundwa ili kulionyesha.

1.1 Istilahi

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi, vumbi na maada ya giza unaoshikiliwa pamoja na uvutano. Galaksi ambamo Jua limo, yaani Njia Nyeupe, ina nyota zaidi ya bilioni 100. Kwa upande wa maumbo, galaksi za msokoto ni sahani bapa zenye mikono iliyojikunja, na nyota za sahani hizo karibu zote huzunguka kuelekea upande mmoja. Galaksi za duaradufu hazina sahani iliyo dhahiri wala mikono. Huonekana kama mpira au yai, na katika zile kubwa nyota hupita huku na huko pande zote, mithili ya nyuki wanaouzunguka mzinga. Kati ya makundi haya mawili zipo galaksi za umbo la dengu, zenye sahani lakini zisizo na mikono.

Neno uigaji limetokana na kitenzi iga. Katika matumizi ya kila siku kitenzi hiki kina dokezo la shaka, kwani anayeiga aghalabu hufuata sura ya nje ya kitendo bila kuipata sababu yake ya ndani. Kwa mada hii, dokezo hilo si kasoro ya istilahi bali ni onyo linalofaa kukumbukwa.

Kuhusu tukio lenyewe, Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoweza kutumika: gongana, ungana na meza. Cha kwanza hupotosha kidogo. Lau Jua lingepunguzwa likawa na ukubwa wa chungwa, nyota iliyo jirani yake zaidi ingekuwa umbali wa kilomita zaidi ya 2000. Kwa hiyo galaksi mbili zinapoingiliana, nyota zake karibu zote hupishana bila kugusana. Kinachogongana hasa ni mawingu ya gesi. Kitenzi ungana, chenye kiambishi cha kutendana, hufaa pale pande mbili zinapokaribia kulingana, kwa kuwa kila upande hutenda na hutendwa. Meza hufaa pale galaksi kubwa inapoichukua ndogo. Itaonekana baadaye kwamba tofauti hii ya vitenzi inaafikiana na tofauti halisi katika maumbo yanayobaki.

2.0 Maumbo Yasiyo na Historia

Mnamo mwaka 1845, William Parsons, aliyejulikana kama Lord Rosse, aliielekeza darubini yake kubwa huko Ireland kwenye wingu hafifu la nuru ambalo leo hutajwa kwa alama M51. Alichora msokoto ulio wazi, na katika ncha ya mkono mmoja alichora wingu dogo lililo kama limeshikamana nao. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mchoro ule ulionyesha galaksi mbili, moja ikipita kando ya nyingine.

Suala la mahali pa mawingu hayo lilitatuliwa na Edwin Hubble, Mmarekani, aliyeziona mwaka 1923 nyota katika Andromeda ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa vipindi vinavyowezesha umbali kupimwa. Vipimo vilionyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe. Vipimo vya leo vinaiweka kwenye umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Mwaka 1926 Hubble aliziainisha galaksi katika duaradufu, msokoto na zisizo na umbo maalumu. Mwaka 1936 aliupanga uainishaji huo katika mchoro wenye mpini mmoja na matawi mawili.

Uainishaji wa Hubble ulikuwa wa sura. Ni kweli kwamba alitumia maneno yenye maana ya awali na baadaye kwa aina mbalimbali, na maneno hayo yakawafanya baadhi ya wasomaji wadhani kwamba aina moja huzaa nyingine. Lakini mchoro wenyewe haukuwa na nadharia ya asili. Aidha, galaksi nyingi hazikuingia ndani yake. Boris Vorontsov-Velyaminov huko Urusi alichapisha mwaka 1959 atlasi ya galaksi zinazoathiriana, na mwaka 1966 Halton Arp akachapisha nchini Marekani atlasi ya galaksi 338 za ajabu: zenye mikia mirefu, zenye madaraja ya nuru yaunganishayo mbili, na zenye pete. Wataalamu wengi walitilia shaka kwamba uvutano pekee ungeweza kutoa nyuzi nyembamba kiasi hicho. Baadhi walizitafutia asili katika sumaku au milipuko.

3.0 Balbu za Holmberg, 1941

Jaribio la kwanza la kuiga lilitangulia kompyuta. Erik Holmberg, mwanafalaki wa Lund nchini Sweden, alikuwa na tatizo la hesabu. Kila nyota huvutwa na nyota nyingine zote. Kwa hiyo vitu 74 tu vina jozi 2701, na hesabu ya jozi zote lazima irudiwe kila vitu vinaposogea. Kwa kalamu na karatasi kazi hiyo ilikuwa haimaliziki.

Holmberg alitambua kwamba nuru na uvutano vinafuata kanuni moja ya umbali: umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Basi alichukua balbu 74, akazipanga mezani katika makundi mawili ya balbu 37, kila kundi likiwakilisha galaksi. Mahali pa balbu moja aliweka kifaa cha kupima nuru, akasoma kiasi cha nuru kilichofika kutoka pande mbalimbali, na usomaji huo ukampa nguvu ya uvutano mahali hapo. Kisha alizisogeza balbu kwa hatua ndogo, akaanza tena.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1941 yalikuwa mawili. Kwanza, makundi yalipopishana yalivutana kando na kutoa umbo lililofanana na mikono ya msokoto. Pili, mwendo wa makundi yenyewe ulipungua, kwa kuwa sehemu ya nishati yake ilihamia kwenye mwendo wa nyota moja moja. Kwa hiyo galaksi zilizokutana kama wapita njia zingeweza kushikana zisiachane. Jambo hili la pili ndilo kiini cha yote yaliyofuata. Hata hivyo kazi ya Holmberg haikuwa na wafuasi kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jörg Pfleiderer na Heinrich Siedentopf wa Ujerumani walilirudia wazo hilo kwa kompyuta, nao pia hawakupata wasikilizaji wengi.

4.0 Mikia na Madaraja, 1972

Hali ilibadilika mwaka 1972, ndugu wawili waliozaliwa Estonia na kufanya kazi Marekani, Alar Toomre na Jüri Toomre, walipochapisha makala juu ya madaraja na mikia ya galaksi. Kielelezo chao kilikuwa sahili mno. Tungamo lote la kila galaksi liliwekwa katika nukta moja, na sahani ikawakilishwa na chembe zisizo na uvutano wake zenyewe. Kwa namna hiyo hesabu ya jozi zote iliepukwa, na kompyuta za wakati ule zikaimudu kazi.

Kanuni iliyotumika inaeleweka vizuri kwa wakazi wa pwani, kwa kuwa ni ile inayosababisha maji kujaa na kupwa. Mwezi huvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko kitovu, na kitovu kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Bahari hufura pande zote mbili. Galaksi inayopita kando ya nyingine hufanya vivyo hivyo, ila sahani ya nyota haina nchi kavu ya kuizuia. Upande wa karibu huvutwa ukawa daraja, na upande wa mbali huachwa nyuma ukawa mkia. Ndugu Toomre walionyesha pia kwamba mwelekeo ni muhimu. Iwapo mgeni anapita kuelekea upande ule ule ambao sahani inazunguka, nyota hukaa naye muda mrefu na mikia huwa mirefu. Akipita kinyume, sahani huharibika kidogo tu.

Makala ilichukua jozi nne halisi, miongoni mwake M51, NGC 4676 iitwayo Panya, na NGC 4038/9 iitwayo Antena kwa kuwa mikia yake hufanana na vipapasio vya mdudu. Kwa kila jozi walitafuta mpangilio wa mwendo ambao ungetoa sura inayoonekana. Mafanikio yalikuwa makubwa, na shaka juu ya uvutano ilianza kupungua.

Hata hivyo, hapa ndipo mtego wa kuiga ulipojitokeza. Kwa M51, kupita mara moja kulitosha kutoa sura iliyojulikana. Lakini mwaka 2000 Heikki Salo na Eija Laurikainen wa Finland walionyesha kwamba historia nyingine, ambamo galaksi ndogo imepita zaidi ya mara moja, hutoa sura hiyo pia na huafikiana vizuri zaidi na kasi zilizopimwa za gesi. Umbo lilikuwa moja, historia zikawa mbili, na kilichohitajika kuzipambanua ni mwendo wala si picha.

5.0 Dai la Mwaka 1977 na Pingamizi Zake

Katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1977, Alar Toomre alipiga hatua ya ujasiri. Alipanga galaksi 11 zinazoungana kwa mfuatano, kutoka zile zilizoanza kukaribiana hadi zile zilizokwisha kuwa kitu kimoja chenye mikia miwili. Kisha akafanya hesabu. Galaksi hizo 11 zilitokana na orodha ya galaksi 4000 hivi, na kila muungano huonekana kwa muda wa takribani miaka nusu bilioni tu. Kama kiwango kingekuwa kile kile kwa miaka bilioni 10, yangekuwapo masalia mara 20 ya hayo, yaani 220. Lakini miungano lazima ilikuwa mingi zaidi zamani. Kwa kulizingatia hilo Toomre alikadiria masalia 750 hivi, idadi inayolingana na galaksi za duaradufu katika orodha ile. Dai likawa kwamba galaksi za duaradufu ni galaksi za msokoto zilizoungana.

Nadharia ya kulitegemeza dai hilo ilikuwapo. Donald Lynden-Bell alikuwa ameeleza mwaka 1967 kwamba uvutano unapobadilika ghafla, njia za nyota huvurugika na kupangika upya. Sahani hazistahimili mvurugo huo. Isitoshe, vipimo vya kasi vilivyochapishwa na Garth Illingworth mwaka huo huo wa 1977 vilionyesha kwamba duaradufu kubwa huzunguka polepole mno kuliko ilivyodhaniwa. Ubapa wake hautokani na kuzunguka. Unatokana na nyota kupita kwa kasi zisizo sawa katika pande mbalimbali.

Pingamizi hazikuchelewa, na zilikuwa za maana. Ya kwanza ilihusu msongamano: vitovu vya duaradufu vina nyota zilizosongamana kuliko sahani yoyote, na kuchanganya sahani mbili hakuwezi kuongeza msongamano huo, kama Raymond Carlberg alivyoonyesha mwaka 1986. Ya pili ilihusu vishada vya nyota: duaradufu zina vishada vingi vya mviringo kuliko ambavyo galaksi mbili za msokoto zingeleta. Ya tatu ilihusu umri: nyota za duaradufu kubwa ni nzee na zina elementi nzito nyingi, na kwa hiyo haziwezi kuwa nyota za misokoto ya leo zilizokorogwa tu. Thamani ya pingamizi hizi ni kwamba hazikuuliza habari ya sura. Zilidai ushahidi wa ndani.

6.0 Gesi, Nyota na Uwiano wa Tungamo

Ushahidi wa kwanza ulitoka angani. Mwaka 1982 François Schweizer alichunguza NGC 7252, mojawapo ya galaksi 11 za Toomre. Nje ina mikia miwili, dalili ya sahani mbili. Ndani ina kitovu kimoja tu, na nuru yake hufifia kutoka kitovuni kwa kanuni ile ile aliyoitoa Gérard de Vaucouleurs mwaka 1948 kwa galaksi za duaradufu. Muungano na umbo la duaradufu vilikutwa mahali pamoja.

Ushahidi wa pili ulihitaji hesabu kubwa zaidi. Kielelezo chenye chembe milioni moja kina jozi karibu bilioni 500. Mwaka 1986 Joshua Barnes na Piet Hut walichapisha njia ya kuipunguza kazi hiyo: chembe zilizo mbali hukusanywa na kuhesabiwa kama kitu kimoja, kama vile msafiri aliye mbali anavyouona msitu kabla ya kuona miti. Kwa njia hiyo Barnes na Lars Hernquist waliweza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuiga sahani, maada ya giza na gesi kwa pamoja.

Gesi ndiyo iliyoleta jibu. Nyota hupishana, lakini mawingu ya gesi hugongana, hupoteza nishati na kuzama kitovuni. Huko nyota mpya huzaliwa kwa wingi, na msongamano ambao Carlberg aliudai unapatikana. Kielelezo kiliafikiana na jambo ambalo hakikutengenezewa: chombo cha angani cha IRAS, kilichorushwa mwaka 1983, kilikuwa kimekuta galaksi zinazotoa nuru nyingi mno ya infraredi kutokana na vumbi lililopashwa moto, na zile zenye nuru nyingi kupita zote, mathalani Arp 220, ni miungano. Kuhusu vishada, Darubini ya Anga ya Hubble ilionyesha katika miaka ya 1990 vishada vichanga vikubwa ndani ya NGC 7252 na ndani ya Antena. Muungano haukuwa ukikusanya vishada vya zamani tu. Ulikuwa ukizalisha vipya.

Hatua iliyofuata ilihusu uwiano wa tungamo, na hapa tofauti ya ungana na meza inarejea. Thorsten Naab na Andreas Burkert walichapisha mwaka 2003 matokeo ya vielelezo vingi vya sahani zenye uwiano tofauti. Sahani zinazolingana ziliacha masalia yanayozunguka polepole, ambayo mistari ya mwanga wake huelekea kuwa na pembe kama sanduku. Sahani moja ilipokuwa na tungamo mara tatu au nne ya nyingine, masalia yalizunguka kwa kasi na kubakiza dalili za sahani. Galaksi ndogo sana ikimezwa, sahani ya mmezaji huweza kupona, ingawa huwa nene zaidi.

7.0 Mwendo Wapinga Sura

Lau historia ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya ushindi. Mambo mawili yaliizuia.

Jambo la kwanza lilitoka ndani ya uigaji wenyewe. Mwaka 2005 Volker Springel na Lars Hernquist walionyesha kwamba sahani mbili zenye gesi nyingi sana zikiungana, gesi iliyobaki huweza kutua tena na kujenga sahani mpya. Kwa maneno mengine, muungano mkubwa unaweza kuzaa galaksi yenye sahani. Hivyo kauli kwamba muungano huleta duaradufu haikuwa kanuni tena. Ilitegemea kilichokuwamo ndani ya galaksi kabla hazijakutana.

Jambo la pili lilitoka kwenye vipimo. Kifaa kiitwacho SAURON, kilichofungwa kwenye darubini huko visiwa vya Canary, kilipima kasi za nyota katika kila sehemu ya galaksi, si katika mstari mmoja kama zamani. Mwaka 2007 Eric Emsellem na wenzake walipendekeza kwamba galaksi 48 za duaradufu na za dengu walizozipima zigawanywe kwa mwendo: zinazozunguka kwa kasi na zinazozunguka taratibu. Mradi uliofuata, ATLAS3D, ulitoa mwaka 2011 matokeo ya galaksi 260. Kati ya hizo, 224, yaani asilimia 86, zilikuwa za kasi. Galaksi nyingi ambazo kwa picha ziliitwa duaradufu zilikuwa kwa mwendo ni ndugu za galaksi za dengu. Majina yaliyotolewa kwa sura yalikuwa yameziunganisha zisizo ndugu na kuzitenga zilizo ndugu.

Kwa waigaji somo lilikuwa kali. Masalia ya muungano mmoja wa sahani mbili, yale yanayozunguka taratibu, yalitoka yakiwa yamebonyea kuliko galaksi nyingi za taratibu zilizopo angani. Ikabidi ikubalike kwamba galaksi hizo hazikuundwa kwa tukio moja. Maelezo yanayotumika leo ni ya hatua nyingi: miungano ya awali yenye gesi nyingi ilijenga kiini kilichosongamana, kisha miungano isiyo na gesi, na umezaji wa galaksi ndogo moja baada ya nyingine, ukaongeza nyota za nje na kupunguza mzunguko. Maelezo haya yanajibu pia pingamizi ya umri, kwa kuwa nyota zilizaliwa mapema, hata kama galaksi yenyewe ilikamilika baadaye.

8.0 Ulimwengu Ndani ya Mchemraba

Tangu katikati ya miaka ya 2010 waigaji hawalazimiki tena kuchagua galaksi mbili na kuzirusha. Huanza na hali ya ulimwengu mchanga, wakaiacha kanuni ya uvutano na gesi ifanye kazi kwa miaka zaidi ya bilioni 13. Mradi wa Illustris, uliotangazwa mwaka 2014, uliiga mchemraba wenye upana wa miaka ya nuru milioni 350 hivi kwa vipande vya hesabu zaidi ya bilioni 12. Mradi wa EAGLE ulifuata mwaka 2015. Katika michemraba hii galaksi za msokoto, za dengu na za duaradufu hutokea pamoja, na historia ya kila moja inaweza kusomwa nyuma hatua kwa hatua.

Uwezo huu una gharama yake. Kuzaliwa kwa nyota na nishati itokayo kwenye mashimo meusi ni mambo madogo mno kuweza kuonekana katika mchemraba mkubwa. Huingizwa kwa kanuni za kukadiria. Waundaji wa EAGLE walieleza wazi kwamba kanuni zao zilirekebishwa ili zilingane na idadi ya galaksi kwa tungamo la nyota na kwa ukubwa. Kwa hiyo kulingana huko hakuhesabiki kuwa ushahidi. Kinachohesabika ni yale ambayo hayakurekebishwa.

Mfano ulio karibu na nyumbani unaonyesha tahadhari hiyo. Mwaka 2012 kundi la Roeland van der Marel lilipima mwendo wa Andromeda kwa darubini ya Hubble na kukadiria kwamba itakutana na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 4 hivi, na kwamba masalia yatafanana na duaradufu. Habari hiyo iliingia vitabuni kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 2025 Till Sawala na wenzake waliirudia hesabu kwa vipimo vipya, wakaingiza uvutano wa galaksi jirani, hasa Wingu Kubwa la Magellan, pamoja na mipaka ya uhakika wa kila kipimo. Walipata kwamba uwezekano wa kuungana katika miaka bilioni 10 ijayo ni karibu nusu kwa nusu.

Kuhusu wakati uliopita, hali ni bora zaidi. Mwaka 2018 data za chombo cha Gaia ziliwezesha makundi mawili ya watafiti kutambua nyota nyingi karibu na Jua ambazo njia zake si za sahani. Nyota hizo ni mabaki ya galaksi iliyomezwa na Njia Nyeupe yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Kwa sura, Njia Nyeupe ni msokoto ulio nadhifu. Haionyeshi kwamba iliwahi kumeza. Mwendo wa nyota zake ndio uliokiri.

9.0 Funzo kwa Taaluma za Kiswahili

Mwanaisimu anayesoma historia hii hakosi kukumbuka mjadala wa asili ya Kiswahili. Kwa sura ya nje, yaani kwa msamiati unaoonekana kwanza, lugha hii ina maneno mengi ya Kiarabu, na wapo walioihesabu kwa sababu hiyo kuwa ni lugha ya mchanganyiko. Hoja hiyo ilikuwa ya picha. Uchunguzi wa mfumo wa ndani, yaani ngeli, upatanisho wa kisarufi, viambishi vya vitenzi na mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni, ulionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Kazi za Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, na za Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, zilikiweka katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro.

Neno kitabu linatosha kuwa mfano. Konsonanti zake ni za Kiarabu na zinasema lilikotoka, kama nyota za galaksi iliyomezwa zinavyosema kwa njia zake. Lakini wingi wake ni vitabu, na upatanisho wake ni wa ngeli ya ki-vi. Lilipoingia, lilianza kuzunguka na sahani.

Ulinganisho huu una mipaka, na haifai kuuvuta kupita kiasi. Lugha hazivutani kwa kanuni ya umbali. Wasemaji huchagua, huoana, hufanya biashara na hutawaliwa. Wala hakuna mchemraba ambamo karne kumi za pwani zinaweza kuanzishwa upya. Kinachofanana ni nidhamu ya kudai. Anayependekeza historia ya lugha kwa kuwa inaelezea sura iliyopo hajafanya zaidi ya walivyofanya ndugu Toomre kwa M51. Inampasa aulize pia: historia hiyo inatabiri nini mahali ambapo hakuwahi kutazama, katika lahaja iliyo mbali, katika toni zilizopotea, katika maneno ya kilimo na uvuvi yasiyokopwa?

10.0 Hitimisho

Kutoka balbu 74 za Lund hadi vipande bilioni 12 vya Illustris, uigaji wa miungano ya galaksi umefaulu kueleza mikia, madaraja, vitovu vilivyosongamana, na namna uwiano wa tungamo na wingi wa gesi unavyoamua umbo litakalobaki. Umefaulu vilevile kuonyesha mipaka yake, kwa kuwa umbo moja huweza kufikiwa kwa njia kadhaa, na muungano mmoja huweza kuacha maumbo tofauti. Darubini ya Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, imekusudiwa kulitazama anga la kusini kwa miaka 10 na kuonyesha mikia hafifu ambayo darubini za awali hazikuiona. Mikia hiyo itakuwa shahidi mwingine ambaye vielelezo vya leo havikurekebishwa ili vilingane naye.

Kwa watungaji wa vitabu na kamusi za Kiswahili, jambo moja la kutendeka linafuata. Galaksi zisielezwe kwa sura peke yake, wala mgongano usitumike kwa kila mkutano wa galaksi. Mwanafunzi aambiwe lini galaksi zinaungana, lini moja inaimeza nyingine, na ni mwendo gani wa nyota unaothibitisha hivyo. Waundaji wa majahazi hawakukitambua chombo kwa tanga lake tu. Walishuka wakakagua mataruma.